Kaye ya Toharani ya Papa Symphorien

Ngungu, Alhamisi, tarehe 27 Juni 1957

Nimeweka ahadi ya kusema yote. Sikuiweka mbele ya altare. Niliiweka mbele ya mwalimu wetu, Papa Symphorien Kibira mwenyewe, na kwetu sisi wanafunzi wake uzito ni karibu uleule. Jumapili hii, tarehe 30 Juni, atatimiza miaka thelathini ya kufundisha: kumi na saba kule kwao Ntoto, upande wa Walikale, na kumi na mitatu hapa Ngungu. Siku hiyo atamkabidhi Padri Direktere ufunguo wa darasa la sita. Maandishi haya yatasomwa mbele ya wazazi, kisha yatachapwa katika gazeti dogo la shule yetu.

Kwa desturi, wasifu wa mwalimu huandikwa na mwalimu mwenzake. Padri Direktere alimwomba kwanza Mwalimu Gatera wa darasa la pili. Mwalimu Gatera alicheka, akasema hawezi kumwandikia mtu atakayesoma huku ameshika kreyo nyekundu, na kwamba makosa yake manne bado yanamngoja katika kaye moja, daftari ambalo nitalieleza. Hivyo kazi ikanifikia mimi, Béata Kamaliza, mwanafunzi wa darasa la sita, kwa sababu tu mwandiko wangu unasomeka. Nilipokwenda kumwuliza Papa Symphorien niandike nini, alikuwa akichonga kreyo kwa kisu. Hakuinua macho.

"Sema yote," alisema. "Usinipambe kama maiti."

Basi nitasema yote, hata lile ambalo ingekuwa heri kwangu kulinyamazia.

Papa Symphorien ni mtu wa msitu. Alizaliwa Ntoto katika ukoo wa wawindaji wa nyavu, akajifunza kusoma kwa katekista kabla hajajifunza kutega. Sisi wafugaji wa Masisi, tunaosema Kinyarwanda nyumbani, tulipolisikia jina Kibira tulicheka kidogo, maana kwetu neno hilo ni msitu wenyewe. Wazazi walisema mwalimu huyu hakuuacha msitu wake, amekuja nao ndani ya jina. Alianza kazi Septemba 1927 chini ya paa la majani, mbele ya watoto tisa. Mwaka 1944 aliomba mwenyewe kuhamishwa mbali na kwao. Hakusema sababu, na kwa muda mrefu hapa Ngungu hakuna aliyeijua.

Alipanda milima yetu kwa miguu, siku nne, sanduku la bati kichwani. Mama yangu, Nyiramana, anaikumbuka jioni aliyofika, kwa sababu nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu na shule. Mgeni alibisha, akaomba moto. Mama alidhani anataka kupika. Kumbe alikuwa na chupa ya mawese aliyotoka nayo Ntoto, na kwa baridi ya Ngungu mafuta yalikuwa yameganda ndani kama sabuni. Wakayaweka karibu na jiko, na walipokuwa wakingoja yayeyuke, mama alimpa maziwa ya kugandisha katika kibuyu. Papa Symphorien alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kunywa, Papa Mwalimu," mama akamwambia. "Maziwa haina meno."

Akanywa yote. Alipokirudisha kibuyu alisema kwa upole kwamba maziwa hayana meno. Mama alifikiri anamkubalia. Miaka mingi ilipita kabla sijamweleza kwamba jioni ile alisahihishwa, yeye wa kwanza katika Ngungu nzima.

Maziwa aliyazoea. Ng'ombe hakuwazoea kamwe. Mtu huyu ambaye darasa la watoto arobaini na watano hunyamaza kikisikika kikohozi chake akiwa bado njiani, akikutana na ndama alipanda ukingo wa barabara na kujifanya anatazama mawingu. Mwaka 1954, habari zilipofika kwamba chuo kikuu kimefunguliwa karibu na Léopoldville, alitueleza mchana kutwa chuo kikuu ni kitu gani: mahali ambapo hata walimu husoma. Tuliyapeleka maneno hayo nyumbani. Tangu siku hiyo wachungaji wakaiita shule yetu "inivesite ya Ngungu", na yeye wakamwita Profesa. Asubuhi, makundi yakipita, ungewasikia kutoka mlimani: "Profesa, panda juu, bakubwa banapita!" Wakubwa wenyewe ni ng'ombe. Naye alipanda.

Darasani hakupanda mahali. Alikuja amevua viatu, kamba zimefungwa pamoja na kuning'inia begani, ili matope yasiviharibu. Mlangoni alinawa miguu kwa maji ya mtungi, akavaa viatu, na kuanzia hapo hakuna aliyecheka. Alitazama kucha, alitazama masikio. Fimbo yake ya mwanzi ilipiga benchi, si mtoto, lakini ilipiga karibu sana na mtoto. Dikte, yaani imla, ilikuwa kila siku, hata siku ya mvua ya mawe, wakati bati za paa zilipolia mpaka ikabidi atembee kutoka benchi hadi benchi na kututamkia sentensi moja moja sikioni. Nikisikia mvua juu ya bati hata leo, nahisi pumzi yake na harufu ya kreyo.

Lakini kinachofanya aliyesoma Ngungu atambuliwe popote ni ile kaye.

Ina jalada jeusi, nene kama misale. Kila mwanafunzi ana ukurasa wake, na kosa lake la lugha likirudi mara tatu linaandikwa humo, pamoja na tarehe. Likiingia halitoki mpaka mwenye nalo amalize siku arobaini bila kulirudia, si kwa mdomo mbele ya mwalimu, wala kwa kalamu. Ni siku arobaini kama za Kwaresima, ila hapa Jumapili nazo zinahesabiwa. Ukiteleza siku ya thelathini na tisa, unarudi siku ya kwanza. Ukimaliza, Papa anakuita mbele, anapiga mstari mmoja kwa rula, na darasa zima linasema Amina. Nani alianza kuiita Toharani hatujui. Papa alijifanya hasikii. Padri Direktere alicheka kwanza, kisha akatuonya tusiseme hivyo mbele ya Monsinyori.

Wengi wamepita Toharani. Mukashema Thacienne, rafiki yangu ninayekaa naye benchi moja, aliandika "ao" mahali pa "au" kwa miaka miwili. Mwalimu Gatera alisikika akisema "njo" mahali pa "ndiyo" uwanjani, akiamua mchezo wa mpira, naye akaandikwa. Mimi nilikuwa na makosa saba. Sita yamefutwa.

La saba ni neno la herufi tatu, na sitaliandika hapa. Ni lile ambalo sisi watu wa Kivu tunalitia kila mahali: mahali pa "ni", mahali pa "yuko", mahali pa "kuna", mahali pa "wana". Papa Symphorien hasemi ni neno baya. Anasema lina mahali pake, kwa nyumba, kwa njia na kwa barua. Lakini mtu si nyumba, husema, na Mungu si njia ya kwenda sokoni.

Kuna sheria yake nyingine ambayo lazima niitaje mapema. Maneno ya mtu yakiwekwa ndani ya alama za usemi, yaandikwe kama yalivyotoka kinywani mwake, na makosa yake yote. Mwenye kumsahihisha mtu ndani ya alama, Papa hutuambia, amemwibia sauti. Ndiyo maana mtaona "haina" ya mama yangu na "bakubwa" wa wachungaji humu. Na pale mtu alipotumia neno langu la herufi tatu, nimesimulia tu, bila alama, ili nisilishike kwa mkono wangu.

Kwa mfano baba yangu. Siku moja baba, Karangwa, alikuja mlangoni mwa darasa kunitafuta, kwa sababu ng'ombe wetu alikuwa anazaa vibaya na mikono yangu ni midogo. Aliuliza kama nipo, na aliuliza kwa neno lile. Papa Symphorien alimwamkia kwa heshima zote, akamweleza kwamba mtoto aliyeulizwa kwa neno la nyumba hayupo hapa, na akamwomba arudi mpaka kwenye uzio, aje tena aulize kwa neno la mtu. Baba ni mwenye ng'ombe kumi na mmoja. Baba akaenda mpaka kwenye uzio, akarudi, akauliza vizuri, nikapewa ruhusa. Ng'ombe alizaa salama. Jioni, baba alipokaa motoni, alimwambia mama: "Leo nimerudishwa ku mulango na muntu mwenye anaogopa mutoto wa ngombe." Alicheka mpaka akakohoa. Lakini tangu siku ile, akiingia ofisi yoyote, anasimama kwanza mlangoni na kulitengeneza neno lake mdomoni.

Sasa niseme kwa nini siku hizi silali vizuri.

Masista wana shule kando ya ziwa ambako wasichana hufundishwa kuwa mamonitrisi, yaani walimu wa kike. Kuingia kunahitaji barua ya mwalimu wa darasa la sita. Papa Symphorien hampi barua mtu aliye bado Toharani. Mwaka jana alimnyima hata Euphrasie, binti wa katekista, kwa ajili ya kosa moja tu, naye akaipata mwezi mmoja baadaye alipotimiza siku zake. Mwaka huu hakuna mwezi mmoja baadaye. Jumatatu asubuhi Papa atapanda kamyo ya mizigo kwenda Walikale, na kutoka huko kwa miguu mpaka Ntoto. Baba amesema waziwazi: barua ikipatikana, nitakwenda kwa Masista, na yeye mwenyewe atanisindikiza. Isipopatikana, nitabaki nyumbani kukamua, na wale watu wa Bihambwe ambao wamekuja mara mbili kunywa pombe kwetu na kunitazama watapewa jibu la posa yao. Baba si mkali. Amesubiri miaka miwili zaidi kuliko wazazi wengine.

Nimejaribu siku arobaini mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema bila aibu. Tarehe 21 Mei mwaka huu nilikuwa nimefika siku ya thelathini na sita, ambayo sijawahi kuipita. Papa aliingia, akaona nafasi ya Mukashema ni tupu, akaniuliza yuko wapi. Nilijibu kwamba yuko mtoni. Sikusema "yuko".

Darasa zima likaguna. Mimi nililia, na kwa kuwa nililia nikapata ujasiri ambao sikuwa nao.

"Papa," nikasema, "kila mutu amenielewa."

"Kila mtu," alisema.

Kisha akaketi. Katika miaka yangu sita sikuwahi kumwona akiketi darasani. Aliiweka kaye magotini, na akatusimulia kwa nini aliondoka Ntoto.

Mwaka 1943 kaka yake mkubwa, Benoît, alikuwa akifanya kazi kwenye kambi ya barabara, mbali. Karani wa kambi aliitwa Isidore, mwanafunzi wa kwanza kabisa ambaye Papa Symphorien alimfundisha kuandika. Siku moja barua ya Isidore ikafika Ntoto kwa mama yao, na mama hakujua kusoma, kwa hiyo Symphorien akamsomea mbele ya ukoo wote. Ilikuwa na mistari mitatu: salamu, habari ya chumvi, na neno juu ya Benoît. Neno lenyewe lilikuwa lilelile langu, likiwa na "ha" ya kukana mbele yake na "tena" nyuma yake. Kwetu neno hilo lina milango miwili. Laweza kuwa: mtu huyo hayuko tena mahali hapa. Laweza pia kuwa: mtu huyo si wa dunia hii tena. Isidore alitaka kusema kwamba Benoît amehamishiwa kambi nyingine. Symphorien alisoma kwamba kaka yake amekufa.

Ukoo ulilia. Walinyoa nywele. Padri alisoma misa, na wazee wakaenda porini kufanya yao ya zamani ambayo Padri hakuambiwa. Nyavu za Benoît zikagawiwa wadogo zake. Mama yao aliacha kula, na katika mwezi wa pili wakamzika. Mwezi wa tatu Benoît alitokea njiani na mfuko wa chumvi begani, akauliza kwa nini nyavu zake zimetundikwa kwenye ukuta wa mtu mwingine, na mama amekwenda wapi.

Mukashema alikuwa amefika na ndoo yake ya maji, akasimama mlangoni bila kuitua.

"Mwandishi nilimfundisha mimi," Papa Symphorien alisema. "Msomaji nilikuwa mimi."

Aliinuka, akafungua ukurasa wangu, akaandika: siku ya kwanza, 22 Mei. Kisha tukafanya dikte. Nilipofika nyumbani nilihesabu kwa vidole. Siku ya arobaini inaangukia Jumapili tarehe 30 Juni, siku yake ya mwisho. Sijui kama alihesabu kabla ya kuandika. Nadhani alihesabu.

Leo ni siku ya thelathini na saba. Sijawahi kuwa hapa.

Ningeweza kuishia hapo, niweke shukrani, na maandishi yangu yangekuwa safi. Lakini niliambiwa niseme yote, na nimeacha jambo moja. Nilikuwa nimelificha kwa miezi ishirini.

Jumapili tarehe 30 Oktoba 1955 ilikuwa sikukuu ya Kristo Mfalme. Papa Symphorien alitupeleka kuimba Bihambwe, wasichana kumi na wavulana wanane wa darasa la tano na la sita. Tulilala huko, na Jumatatu tukarudi kwa miguu. Mchana, tulipokuwa juu kabisa, ukungu ulishuka, na nyuma ya ukungu mvua ya mawe. Papa alituamuru tushikane mikono tukimbilie kibanda cha wachungaji kilichokuwa mbele. Mimi nilikuwa wa mwisho. Kandambili yangu ilikatika, nikauachia mkono wa Mukashema ili niiokote, na nilipoinuka hapakuwa na mtu. Nilikimbia nilikodhani ni mbele. Nilianguka, nikabingirika mpaka bondeni, na mguu wangu wa kushoto ukakataa kusimama.

Mtoto wa wafugaji akipotea katika baridi hatafuti nyumba, anatafuta ng'ombe. Niliwasikia wakipumua. Lilikuwa kundi lisilo na mchungaji, limesimama limegeuzia mvua migongo, na chini yao ardhi ilikuwa kavu na yenye joto. Nilijiburura mpaka katikati yao, kati ya ng'ombe wawili waliolala, nikajiegemeza kwenye ubavu wa mmoja. Nilijua sitakufa. Lakini nilijua pia kwamba wa kunitafuta ni Papa Symphorien, na kwamba hapo nilipo hatafika.

Sijui muda gani ulipita. Nilisikia kikohozi. Kisha nikaviona viatu vyake, ambavyo siku ile vilikuwa miguuni, ndani ya matope, bila kuvuliwa. Alikuwa amesimama ukingoni mwa kundi. Pembe zao, wote waliozaliwa milimani kwetu wanazijua, ni ndefu kama mikono ya mtu. Aliita jina langu, nikaitika. Akafumba macho. Nasema kweli, aliyafumba, akainyoosha mikono mbele kama kipofu na akaingia. Ng'ombe wakampisha. Mmoja alimlamba mkono, naye akatoa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima, lakini hakurudi nyuma.

Aliponifikia aliniuliza kama nimeumia. Nilimjibu kwamba mguu unauma kidogo, lakini ng'ombe wana joto, na katika kusema hivyo nilitumia neno lile. Alivua koti lake, akanifunika, akanipandisha mgongoni. Ndipo akageuka kuelekea juu, kule ambako wenzangu walikuwa wakilia, akaita kwa sauti ambayo haikuwa ya darasani. Naiandika kati ya alama, kama alivyonifundisha:

"Iko! Iko huku! Mutoto iko muzima!"

Neno lile, mara tatu, kwa pumzi moja, tena kwa mtu.

Wenzangu hawakulisikia neno. Upepo uliwapelekea sauti tu. Mukashema anasema ilikuwa kama wimbo. Nililisikia mimi peke yangu, kwa sikio lililokuwa limelala juu ya bega lake. Njiani mabega yake yalitetemeka mpaka kibandani. Nilidhani ni baridi, kwa kuwa koti lake nilikuwa nalo mimi.

Jumatano tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu walio toharani, tulitoka misani tukaingia darasani. Papa alifungua kaye na akaniandikia kosa langu la saba, lile la ng'ombe, na tarehe yake: 31 Oktoba 1955. Hakungoja mara tatu kama sheria yake inavyosema. Ilikuwa mara moja tu. Nilimtazama, naye akanitazama, nikangoja afungue ukurasa mwingine. Hakufungua. Kwa kweli hakuna ukurasa wenye jina lake.

Nililalamika kwa mama. Sikumweleza yote, nilimwambia tu kwamba mwalimu naye amekosea na hakuandikwa. Mama alikuwa akitikisa maziwa katika kibuyu, hakuacha kutikisa. "Muntu akikubeba ku mugongo," akaniambia, "usimuchunguze kisogo." Nilinyamaza kuanzia hapo. Hata tarehe 21 Mei, alipokuwa ameketi na kaye magotini akitusimulia habari za Benoît, nilikuwa na neno lile kifuani na sikulitoa.

Papa Symphorien, sasa naacha kusema juu yako na nasema nawe, kama desturi ya maandishi haya inavyoruhusu mwishoni.

Darasa la sita linakushukuru, na wazazi wetu, na walimu uliowaandika na uliowasamehe. Asante kwa dikte za sikioni siku za mvua. Asante kwa kutufundisha kwamba mtu si nyumba. Mwalimu Gatera anasema kaye usiiache hapa, uende nayo, apumzike. Mama atakutumia kibuyu, na anasema tena kwamba hakina meno. Wachungaji wameahidi kwamba Jumatatu asubuhi hakuna ng'ombe atakayepita barabarani mpaka kamyo yako ivuke daraja. Tunakuombea Ntoto yenye jua, ambako mawese hayagandi chupani, nyavu zimetundikwa kwenye ukuta wa mwenyewe, na Benoît amekaa nje akikungoja. Ishi siku nyingi, Papa, na usihesabu zozote kati yake.

Padri Direktere ameagiza kwamba maandishi haya yapite kwanza mikononi mwako, kwa sababu hapa Ngungu hakuna mwingine wa kuyasahihisha. Mukashema atakuletea jioni hii, naye atangoja mlangoni mpaka umalize. Nakuomba unijibu kwa mkono wake, leo, kabla sijaamka katika siku ya thelathini na nane, au ya kwanza.

Nimeliandika lile neno mara tatu kwa kalamu yangu. Ulisema maneno ya mtu yasibadilishwe, na ulisema neno hilo lisiandikwe kwa mtu; nimeshindwa kuzitii sheria zote mbili pamoja, nikachagua ile ya sauti yako. Barua ya Masista itafuata jibu lako, nami nitalipokea lolote litakalokuwa. Mukashema hajui kilichomo humu. Kreyo nyekundu unayo.

Je, Papa, liandikwe katika ukurasa wangu, au katika wako?